Kiti cha Tatu Kwenye Meza ya Mahakimu

Elisabethville, Alhamisi, juma la mvua za kwanza

Mvua ilianza saa nane mchana na bado haijachoka. Udongo mwekundu umeingia hadi mlangoni, na watoto wamenikanyagia sakafu niliyoiosha asubuhi. Sikuwagombeza. Nguvu zangu za leo nimezimalizia mahali pengine.

Nina furaha. Niandike hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitafutia makosa.

Leo nimesema, na neno langu limehesabiwa.

Ilikuwa Alhamisi yangu ya tano kuketi kama hakimu kwenye tribinali ya Cité, mahakama ya mitaa yetu Waafrika. Kabla yangu hakuna mwanamke aliyewahi kuketi upande ule wa meza. Wanawake tulikuwa upande wa pili, tumesimama, tunajibu. Alhamisi nne za mwanzo, kila shauri lilipokwisha kusikilizwa, Papa Mulenga, rais wa tribinali, alinigeukia akaniuliza ninasema nini. Nami nilijibu kwamba nakubaliana na wenzangu. Mara nyingi nilikubaliana kweli. Mara moja sikukubaliana hata kidogo, lakini nilinyamaza, na jambo hilo limenikaa kooni juma zima.

Nataka kuandika nilivyofika pale, maana huku Kenya, mtaa wetu hapa mjini, watu wameanza kusimulia kwa namna zao. Kuna wanaosema masista waliniombea kazi kwa Wazungu. Kuna wanaosema mume wangu ana mkono ofisini. Alfonsi ni fundi wa breki za mabehewa. Mkono wake uko ndani ya mafuta tangu asubuhi hadi saa kumi.

Ukweli ni huu. Baba yangu alitoka upande wa Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, akatuleta sisi wote kwa treni, nami nilikuwa mdogo hata sikumbuki safari. Nilisoma kwa masista. Walitufundisha kusoma, kuandika, kudarizi na kujibu pale tu tulipoulizwa. Nilipomaliza walinibakiza niwafundishe wake za wafanyakazi kushona na kutunza watoto wachanga. Kazi hiyo bado ninaifanya, siku zote isipokuwa Alhamisi.

Baada ya darasa la kushona, wanawake walianza kuniomba niwaandikie barua. Huyu anamwandikia kaka yake kijijini, huyu anamjibu shemeji aliyemtukana, huyu anataka kumweleza mkubwa wa kambi kwamba mumewe amehamia kwa mwingine. Kwanza niliandika kila nilichoambiwa. Kisha nikaona barua haieleweki mpaka nimuulize mtu vizuri: Alisema nini hasa? Wewe ulijibu nini? Nani alikuwepo? Mara nyingi mwanamke alikuja na hasira ya jambo moja, na tulipofika katikati ya barua tukagundua kinachomuuma ni jambo lingine kabisa.

Nadhani uhakimu niliujifunza pale, kwenye benchi la darasa la kushona, bila kujua.

Siku moja nilimsindikiza tribinalini mama mmoja mzee niliyemwandikia barua. Alijua Kiluba tu. Papa Mulenga ni Mubemba, hasikii Kiluba, kwa hiyo kulikuwa na mkalimani. Yule mama akasema mwanawe amemfukuza nyumbani. Mkalimani akasema: mama huyu ametoka nyumbani kwa mwanawe. Nilingoja mtu amsahihishe. Hakuna aliyemsahihisha. Nikajikuta nimesimama.

Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka vichwa vyote viligeuka, na mkalimani akasema mimi si shahidi wala si mshtaki, nikae chini. Papa Mulenga akaniambia nirudie nilichosikia. Nikarudia. Akamwita mzee mwingine wa Kiluba kutoka kwa watu waliosimama uani, akamwomba amuulize mama upya. Mama akasema vile vile: amenifukuza.

Tangu siku ile Papa Mulenga alituma watu kuniita kila lilipokuja shauri la mwanamke wa Kiluba. Baadaye aliniita hata kwa wasio wa Kiluba. Nilikaa kwenye benchi ukutani misimu miwili ya mvua, bila sauti. Mahakimu wakitoka, alinisogelea pale nje ya mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini mimi nimeonaje. Nikimwambia, ananishukuru, anaondoka. Mara mbili alirudi ndani kubadilisha kitu kabla karani hajaandika.

Kisha mwaka huu, kiangazi kikiwa kinakwisha, alisimama pale pale mlangoni akasema: "Mama Agnesi, nimechoka kukuuliza inje. Kuya uikale mu meza."

Ilibidi barua iende kwa Bwana Administrateur, Mzungu mkuu wa wilaya. Akaniita ofisini, akanisomesha ukurasa mzima wa Kifaransa, akaniuliza maana ya maneno mawili matatu. Nikajibu. Kisha akauliza kama mume wangu anakubali, na akatoa karatasi ya Alfonsi kusaini.

Hapo sikufurahi, na sitaki kujifanya kwamba nilifurahi. Hakuna aliyemwomba mke wa Papa Kazadi, hakimu mwenzangu, asaini ili mumewe aketi pale.

Alfonsi alisaini kwa zile herufi zake kubwa zinazojaza mstari. Halafu akauliza Alhamisi nani atasonga bukari. Nikamwambia ana mikono miwili. Alicheka. Lakini tangu hapo Alhamisi tunakula kiporo, na hajalalamika.

Sasa shauri la leo.

Mshtaki aliitwa Léonard, anafanya kazi kwenye tanuru za shaba. Anadai kwamba mkewe, Monika, ametoroka ndoa. Mwezi wa tano Monika alikwenda kwao Lukafu, na hakurudi hadi mwezi wa tisa. Aliporudi alimkuta mwanamke mwingine ndani ya nyumba, ana mimba. Kwa sheria ya Cité, mwanamume anaandikisha mke mmoja tu kwenye kitabu cha nyumba. Kwa hiyo Léonard alikuja kuomba tribinali iseme Monika ndiye aliyevunja ndoa, jina lake lifutwe, liandikwe la yule mwingine.

Likifutwa, Monika anapoteza karatasi ya kukaa mjini. Anarudishwa Lukafu. Watoto wake watatu wanabaki hapa na baba yao.

Monika ni mwembamba, kichwa amekinyoa kwa msiba. Alipoulizwa kwa nini alikaa miezi minne alijibu kwa maneno machache: "Mama yangu alikuwa mugonjwa. Nilimutunza, akakufa, nikamuzika. Kisha nikarudia."

Papa Kazadi, hakimu wa pili, akamuuliza kama alituma habari kwa mumewe. Akasema alituma kwa mdomo, kwa dereva wa kamio, lori linalokwenda Lukafu. Dereva hayupo. Léonard akasema hakupata habari yoyote, na kwamba alingoja kama mwanamume yeyote anavyongoja, akachoka. Papa Kazadi akatikisa kichwa. Niliona shauri linavyoelekea. Karani alikwisha kugeuza ukurasa.

Nikamwomba Papa Mulenga ruhusa ya kuuliza.

Nikamuuliza Léonard habari za vitu vya mkewe: "Bintu ya bibi yako iko wapi?"

Akajibu upesi, maana lilikuwa moja ya malalamiko yake. "Iko mu nyumba, mama. Yote. Inajaza nyumba. Nataka aitoshe inje."

Nikamwomba aitaje. Akaanza kuhesabu kwa vidole: kinu na mchi wake, sufuria nne, chekecheke, sanduku la bitenge, na ndani yake kile kitenge cha ndoa. Alivyoendelea kutaja ndivyo alivyozidi kuwa na hasira, na watu uani wakaanza kunong'ona. Wanawake walielewa kabla yake.

"Siku alienda Lukafu, alibeba nini?"

Akafikiri kidogo. Kapu moja, akasema. Unga wa muhogo na nguo za kubadilisha.

"Na lile kapu, nani alilibeba mpaka ku kamio?"

Akatazama sakafu, akamtazama karani, kana kwamba karani angemsaidia. Mwishowe akasema: "Ni miye."

Sikuuliza tena. Nilikuwa na maswali mengine mawili tayari, lakini nilijifunza kwenye zile barua kwamba mtu akishasema lile lililo la kweli, ukiendelea kumuuliza unamfundisha namna ya kulikwepa.

Tuliingia chumba cha karani, sisi watatu. Papa Kazadi alikuwa wa kwanza kusema, na hakusema vibaya. Alisema desturi za makabila yote anayoyajua hazimruhusu mwanamke kukaa kwao miezi minne bila neno. Alisema tukianza kupima ndoa kwa masufuria, kila mwanamke ataacha sufuria moja nyumbani na kwenda anakotaka. Ni mtu mwenye akili na ameketi pale miaka mingi. Wakati mwingine namheshimu kuliko ninavyotaka.

Nikamjibu. Nilimwambia mwanamke anayetoroka huanza na kinu na kitenge chake cha ndoa, kwa sababu ndivyo vitu atakavyoanzia maisha mahali pengine. Huyu aliviacha vyote, akabeba kapu la siku chache, na mumewe mwenyewe akalibeba hilo kapu hadi barabarani. Kama alikuwa anatoroka, Léonard ndiye aliyemtorosha. Nikamwambia pia kwamba kumzika mama si kosa katika desturi ya kabila lolote, na akiijua hata moja inayosema ni kosa aniambie, niandike.

Mwanzoni nilisema huku nikitazama daftari la karani. Nilipofika kwenye kapu nilikuwa namtazama Papa Kazadi usoni.

Papa Mulenga alisugua magoti. Kisha akasema yeye alikuwa tayari kumfuata Kazadi, ila lile kapu limemshinda. Akasema tuandike.

Tukarudi. Papa Mulenga akasoma: Monika hakuacha ndoa. Jina lake linabaki kwenye kitabu. Nyumba ni yake, na Léonard hana ruhusa ya kuandikisha mke mwingine juu yake. Monika hakulia wala kupiga kigelegele. Alichutama, akafunga vizuri kitenge alichombebea mtoto wake wa mwisho, akasimama. Alipopita mbele ya meza alisema polepole, akinitazama mimi: "Aksanti, mama juge."

Ni mara ya kwanza mtu kuniita hakimu. Nimeliandika neno hilo hapa kwa sababu nataka kuliona kwa macho.

Papa Kazadi aliondoka bila kuniaga. Kesho kutwa atanisalimia, namjua. Na siku nyingine atakuwa sahihi yeye, nami nitapaswa kukubali bila kununa.

Ningependa kufunga daftari hapa. Siwezi.

Watu walipotawanyika nilimwona yule mwanamke mwingine. Alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la ukutani, lile lile nililokalia mimi misimu miwili. Ni mdogo. Labda miaka kumi na minane. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili, na Léonard alimpita bila kumwita. Alingoja kidogo, kisha akamfuata kwa mbali, mvua ikiwa imeanza.

Usiku wa leo analala wapi? Sisi mahakimu watatu tulikaa nusu saa kwenye chumba cha karani, tukazungumza habari za kinu na kapu, na hakuna hata mmoja aliyemtaja yeye. Mimi niliyejisifu kwamba najua kuuliza, sikumuuliza neno. Nani alimwambia nini alipoingia nyumba ile? Inawezekana aliambiwa mwenye nyumba amekwenda kabisa. Inawezekana Léonard alimdanganya kama alivyotaka kutudanganya sisi.

Hukumu ilikuwa ya haki. Ningeitoa tena kesho. Lakini ilikuwa haki ya mtu mmoja, na shauri lilikuwa la watu watatu.

Nimelizungusha jambo hili tangu nirudi. Je, hakimu anaweza kwenda kugonga mlango wa mtu na kumwambia ana haki ya kushtaki? Papa Kazadi atasema hapana, kazi ya hakimu ni kungoja. Pengine ni kweli kwa hakimu aliyeanza kwenye meza. Mimi nilianza kwa kuandika barua.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho darasa la kushona linakwisha saa sita. Nitapita Kenya, nitaulizia mpaka nimpate. Sitamfundisha la kusema. Nitamwambia tu kwamba tribinali inafunguliwa saa mbili, kwamba anaweza kusimama pale kwa ajili yake mwenyewe na mtoto wake, na kwamba siku atakayokuja mimi sitaketi na mahakimu, kwa sababu nitakuwa nimekwisha kuzungumza naye. Papa Mulenga nitamwambia mwenyewe, mapema, ili asilisikie barabarani.

Tangu asubuhi tulimwita "yule mwingine". Léonard alimwita hivyo, Monika alimwita hivyo, karani ameandika hivyo, na mimi pia, hata hapa.

Nitaanza kwa kumuuliza anaitwa nani.