Mlafi Ametoa Ua

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwetu.
Jumapili asubuhi, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu Sisimizi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mwenye maneno mengi. U hali gani huko? Kifua kimeacha kukusumbua? Unakula chakula cha kueleweka, au bado unajidanganya na chai na mkate? Na hivyo vitalu vya maua unavyofanyia kazi, na hilo joto la kushinda ndani ya vioo, unavimudu? Nijibu yote moja baada ya jingine, usiniletee lile jibu lako la "mzima tu".

Sisi huku wazima. Mama goti linamuuma kukiwa na baridi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako anaendelea na ufundi wake wa umeme. Nyumba za watu zinawaka, ila taa ya jikoni kwangu bado inakonyeza. Mimi nashona. Msimu huu kila mteja anataka mikono ya kuvimba, nami navimbisha.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Ikilia tu, mama ameshakaa pembeni yangu, sikio limesimama. Na haya ninayotaka kukueleza yanamhusu yeye mwenyewe.

Uliniachia mzigo mmoja, kisha ukaniongezea wa pili. Wa kwanza ni sanduku la kioo lenye mimea yako inayokula wadudu. Wa pili ni kumwambia mama kwamba mkataba wako umeongezwa na hutarudi mwaka huu kama ulivyomwahidi. Wa kwanza niliubeba. Wa pili, mdogo wangu, nilikuwa naupiga chenga kila asubuhi, najifanya nimezidiwa na vitambaa.

Nianze na mimea. Mama aliibatiza Mlafi siku ile ile ulipoondoka, yote jina moja, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye vichwa vingi. Sanduku liko dirishani kando ya cherehani, linapata mwanga wa kutosha. Nafuata maagizo yako kama dozi ya daktari: maji ya mvua tu, ya bomba mwiko, mbolea hata harufu isisikie, na ule udongo wake maskini uwe umelowa siku zote. Wateja wakija kupimwa wanauliza huo umande kwenye majani unatoka wapi wakati nje jua linachoma. Nawaambia waguse. Kidole kikinata wanaruka, nami nacheka na pini mdomoni.

Shemeji yako siku moja aliuonea huruma mmea mmoja, akautilia mchuzi wa nyama. Eti mla nyama ni mla nyama. Majani yakaoza, yakawa meusi tii. Nilimfokea mpaka akakumbuka ghafla kwamba ana nyaya za kutengeneza mtaa wa pili.

Lakini kazi ilikuwa kwa mama. Asubuhi moja aliniletea chai, akakuta sisimizi amepenya chini ya kifuniko na kunaswa kwenye jani. Mimi nikaanza kujidai kama ulivyonifundisha: tazama mama, jani linajikunja polepole, halina haraka. Mama hakuona jani. Aliona sisimizi. Na unajua ni nani aliyekupa jina hilo, na lile kopo la sukari ulivyokuwa ukiliandama.

Aliweka chai chini, akachomoa pini kwenye kifuko changu, akamnasua yule mdudu mguu mmoja mmoja, akamweka juu ya mbao ya dirisha. Akasema, "Kinang'aa, kina utamu, mtu anakifuata kwa miguu yake mwenyewe. Halafu ndiyo hivyo, kinamkunja taratibu. Na huko aliko mwanangu ni vivyo hivyo."

Tangu hapo akawa mlinzi. Kila asubuhi anakuja na pini yake kukagua. Nzi akiliwa, ruksa. Mbu akiliwa, anapigiwa makofi. Sisimizi, marufuku. Nilicheka mwanzoni, kisha nikaacha. Ningemwambiaje mtu huyo habari za mkataba?

Baadaye akaona ulinzi hautoshi. Nilirudi kutoka kununua vifungo nikakuta sanduku limetolewa uani, kwenye jua kali, kifuniko kimebanwa, vioo vimejaa mvuke. Majani ya pembeni yalikuwa yameshaungua. Eti alikuwa anafagia. Nilimwambia mama, ukiua mimea ya mwanao, utamwambia nini? Akanijibu, na hiyo ikimmeza yeye, utaniambia nini wewe? Tukanuniana, jioni ile tukala bila kutazamana. Nilirudisha sanduku dirishani huku roho inaniuma, maana niliona wazi kwamba hasira ile haikuwa ya mmea. Alikuwa anakuogopea kwamba hutarudi kabisa.

Kisha Mlafi akafanya jambo ambalo hukunionya. Katikati yake kilichomoza kijiti chembamba kilichojikunja ncha kama ndoano, kikapanda na kupanda mpaka kikasukuma kifuniko. Nikadhani ni mtego mpya. Mama aliondoa kifuniko kwa mkono wake ili aone kiumbe huyu anapanga nini. Kijiti kikaendelea na safari, kikainama nje ya sanduku, kichwa kikaegemea fremu ya dirisha. Juzi asubuhi kikafungua ua moja la waridi, dogo kuliko ukucha. Nililigusa. Halikunata hata kidogo.

Mama akavaa miwani yangu ya kushonea, akainama kulitazama. Na hapo hapo, mdogo wangu, akatokea sisimizi anakuja zake juu ya fremu. Mama akaikimbilia pini. Nikamshika mkono, nikamwambia asubiri kidogo tu. Yule mdudu akapanda kwenye ua, akazama humo, akakaa. Sisi wawili hatupumui. Kisha akatoka, uso umepakwa unga wa njano, akageuka, akapita njia ile ile aliyokuja nayo mpaka kwenye tundu lake ukutani.

"Amerudi," mama akasema. Pini bado iko hewani.

Akaniuliza kwa nini ua limekaa mbali vile na majani. Nikamwambia nilichokikumbuka kutoka kwako, kwamba mmea huu nao una wageni unaowahitaji, wale wa kuchavusha ua, ndiyo maana unalinyanyua mbali na midomo yake ili usije ukawala. Akairudisha pini kwenye kifuko. Nikajikaza, nikamwaga yote kwa pumzi moja: mkataba umeongezwa, harudi mwaka huu, anaogopa kukwambia.

Usidhani aliyapokea kirahisi. Alilia, nami nikalia. Mteja aliyekuja kuchukua sketi akasimama mlangoni, uso umemshuka, akaanza kutupa pole ya msiba. Mama akajifuta machozi kwa kipande cha bitana na kumwambia, "Ingia, mama, tunaangalia ua tu."

Sasa nisikilize vizuri. Kilichomkera si kubaki kwako, ni wewe kunituma mimi. Piga simu, na akipokea usiulize niko wapi. Ongea naye.

Shemeji yako anakusalimu na anauliza kama Mlafi anaweza kujaribu yai. Nimeshamkatalia. Shangazi anasema picha uliyotuma umekonda, usibishane naye. Babu mdogo naye anakusalimu, anataka mbegu za ua hilo akawatishie panya. Mwenyezi Mungu akulinde na ubaya, akupe nguvu kazini na watu wema wa kuishi nao.

Mama amekataa kushika kalamu, lakini amekaa hapa pembeni na ameniamuru niyaweke maneno yake kama yalivyo: "Mwambie Sisimizi anywe asali ashibe, simkatazi. Ila akae kwenye ua, asishuke kwenye majani. Na njia ya kurudi anaijua. Kifuniko sijakirudisha."

Ni mimi nikupendaye hata ukinitwisha mizigo isiyo yangu,
Dada yako.