Bendeji ya Pasaka

Voi, Alhamisi, 12 Juni 2025. Asubuhi kulikuwa na mawingu na manyunyu kidogo.

Mama,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu unazikata. Mahindi uliyotuma kutoka Mghange yalifika salama, asante.

Leo nimekutana sokoni na Mama Donald wa kwaya yenu. Alinikumbatia akiuliza habari za mkono wangu. "Pole, Wakio wetu! Maziwa ya moto nayo hayana heshima! Akina mama wote tumekuombea."

Kumbe ile bendeji uliyonifunga Pasaka ili kanisa lisione tatuu yangu, uliwaambia niliungua! Sasa anasema Jumapili nitaitwa mbele nitoe ushuhuda wa kuponywa.

Mama, nina miaka thelathini na moja. Ni ua tu, nilichorwa kwa sababu nalipenda. Ulisema afadhali ningeandika jina la Yesu. Hilo pia ungelifunga.

Nitakuja Jumapili na gauni la mikono mifupi. Nikiitwa nitasimama, niwashukuru kwa maombi yao, kisha niwaambie sikuungua. Ukipenda kuwaambia wewe kwanza, waambie. Ukitaka kuketi mbali nami, keti. Lakini sitamshukuru Mungu kwa uongo ili nipate nafasi kwenye benchi lako.

Barua hii anakuletea Mama Donald mwenyewe, kesho. Nimeigundisha vizuri. Akikuuliza nimeandika nini, utajua la kumjibu.

Mwanao,
Wakio

Saa tatu na nusu usiku. Nalala.