Pini Iliyochomwa Moto

Ngokolo, Jumanne usiku

Na bado shemeji yangu anasema Kabula akaombe radhi. Mwanangu, injinia wa vyuma, wa kwanza mtaa huu mzima, akampigie magoti msimamizi asiyejua chuma.

Kosa lake nini? Pini inayoshikilia mkono wa kreni, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ilikwama kule mgodini Geita. Msimamizi akaichoma kwa moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu, ikachomoka, akataka irudishwe kazini. Kabula akakataa. Anasema chuma kile kilikomazwa kiwandani kwa moto wa kipimo. Ukikizidishia kinalegea, na kwa macho huoni kitu. Akaambiwa aende nyumbani akatulize kichwa.

"Chuma ni chuma, Mama Kabula," shemeji akasema, huku anakula ugali wangu.

Nikamuuliza, "Mpini wa shoka lako ulipovunjika, kile kipande cha ndani ulikitoaje?"

"Nilitupa shoka motoni kiungue, kama watu wote."

"Na sasa linakata?"

"Linajikunja makali tu. Yule mhunzi aliyeniuzia alinipunja."

Kabula alicheka mpaka akapaliwa.

Ila naogopa, niseme kweli. Wakimfukuza, wadogo zake na shule yao... sijui.

Wakati wa kuosha vyombo akaniuliza, "Mama, nikaombe radhi?" Nikamwambia chini ya hiyo kreni wanapita watoto wa watu, waliozaliwa kwa uchungu kama yeye, asiombe. Nilisema kwa sauti, shemeji asikie.