Picha Mliyoipigilia kwenye Kaburi la Babu

Sterling, Virginia
9 Machi 2003

Mpendwa kaka Ezekiel,

Nakusalimu wewe na wifi na wote walio hapo nyumbani Kimilili. Mgongo wako unaendeleaje? Na dawa ya presha, wifi anaimeza au bado anaificha kabatini? Mimi ni mzima, ila baridi inanila. Mwezi uliopita theluji ilianguka mpaka magari ya majirani yakawa hayaonekani, na bado kuna marundo yake meusi kando ya barabara.

Kazi ni ile ile, kupakia chakula cha abiria kwenye ndege huko uwanjani. Siku hizi watu wa huku wana hofu ya kushambuliwa kwa gesi ya sumu. Walitangaziwa waweke akiba ya maji na nailoni za kuziba madirisha, na utepe wa gundi ukaisha madukani. Mimi sikuziba kitu. Ndege zinapita chini juu ya paa letu siku nzima, na nikisikia moja nasimama na mwiko mkononi hadi ipite.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bahasha yako ya picha ilifika, na nilikasirika mpaka nikaketi sakafuni.

Kwanza nishukuru, maana ni mimi niliyeomba. Krismasi nilipokupigia kukwambia kwamba mwanangu Simiyu ameingia jeshi la hapa na atapelekwa Kuwait, nilikusihi Babu azikwe. Jina hilo alilipata kwa Babu, na sote tunajua Babu alivyokwenda. Waingereza na Wajerumani walipigana huko kwetu wakigombania nchi zisizo zao, wakamtoa shambani, wakambebesha unga wa askari, naye Baba angali tumboni. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema alipoangukia. Nyanya alikataa katakata shina la mgomba lizikwe badala ya mwili, kama tunavyowafanyia waliopotea. Hadi anakufa hakutia komeo mlangoni. Alisema mume wake atakuja amechoka, asianze kubisha.

Kwa hiyo mlipokubali nilifurahi. Jina lisilo na kaburi linarudi vitani mara ya pili, na mimi ninayejidai nimezoea mambo ya huku lilinikosesha usingizi.

Kazini kuna Mtanzania anaitwa Gervas, mtu wa Songea, mcheshi kupita kiasi. Babu yake naye alibebeshwa mizigo, ila upande wa Wajerumani. Huwa namwambia babu yake alimnyang'anya wetu unga njiani, ndiyo maana naye anakula ugali wangu bila aibu. Lakini siku moja aliacha utani, akaniambia wazee wa kwao walisimulia kwamba wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa na kuhara, wakaachwa kando ya njia, mzigo akapewa mwingine. Nilipompa picha zako alizipekua akicheka, akidhani ni za harusi. Alipoifikia ile ya kaburi akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Ezekiel, nani alikupa akili hiyo? Najua Babu hakuacha picha. Najua siku hizi matanga bila picha watu wanaona hayajakamilika. Tena najua mnavyosema mtoto ni Babu mtupu, paji na masikio yale. Lakini kuchukua picha niliyowatumia mwenyewe, mwanangu amevaa magwanda, anatabasamu, mkaitia fremu na kuipigilia msalabani juu ya udongo mbichi, aki hapo mlinimaliza. Na maandishi yenyewe: SIMIYU, ALIYEKWENDA VITANI. Hata jina la baba yake Babu hamkuliweka. Mpita njia akisoma hapo atamlilia nani?

Nilimpigia wifi, akaniambia wazee walisifu sana, kwamba hatimaye Babu amepata uso. Hakuna aliyeona kosa.

Nilizificha picha chini ya godoro, maana mtoto alikuwa anakuja kuniaga. Kumbe jeshini wamemfundisha kutandika kitanda mpaka shuka linakaza. Asubuhi akaamua kunitandikia changu, akainua godoro, akaziona.

Unamjua huyu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Siku hiyo alikuja jikoni na ile picha, akaketi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, "Mama, hawa watu walilia?"

Nikamwambia walimlilia Babu.

Akaitazama tena. "Lakini walikuwa wananiangalia mimi."

Nikamwomba anirudishie picha. Alikataa, akaitia mfukoni, akasema anataka wenzake waone anakotoka. Aliondoka nayo Jumanne.

Basi nakuomba, ukimaliza kusoma usingoje hata chai ipoe. Nenda kaing'oe picha ya mtoto. Usiichome wala usiitupe. Ilete ndani, itundike ukutani pamoja na za wajukuu zako, watu walio hai. Msalabani andika jina la Babu kamili na la baba yake. Halafu uwaite wazee wale wale waseme kwa sauti ni Simiyu yupi mliyemzika. Kama ni kuchinja, chinjeni. Ningekwambia haya kwa simu, lakini simu ya dukani kwa Wamaitha haishiki tangu wiki jana, na ninaogopa vita vitaitangulia barua hii.

Nisalimie wifi, na Isack na mkewe, na mama mdogo Nafula, mwambie leso yake nimeinunua. Mungu awape mvua kwa wakati wake, na aitazame njia ya kila aliye mbali na nyumba hiyo.

Huku milango yote ina kufuli na mnyororo, na wangu pia. Jana Gervas alipita kuniletea samaki, akaukuta haujafungwa, akanigombeza kwamba nitaibiwa. Nilimwambia nimesahau. Sikusahau, Ezekiel. Tangu Jumanne siufungi. Mtoto atakuja amechoka, asianze kubisha.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Violet