Mstari wa Komoro

Jumapili, 4 Mei
Mtihani wa majaribio unakaribia na kidato cha nne bado hawajui kusoma grafu. Asubuhi nzima nimechora kwenye manila sebuleni. Pato la kila mtu, Komoro na Shelisheli, miaka na miaka. Shelisheli inapanda. Komoro inatambaa, na nafasi katikati inazidi kupanuka. Baba mkwe, Mzee Mmadi, alinikandamizia kona ya karatasi kwa pasi yake ya mkaa, akaniazima na rula yake ya mbao ya ushonaji. Alifurahi kupata kazi. Akauliza mstari wa kwao ni upi. Nikamwonyesha ule wa chini. Akaupitishia kidole mpaka mwisho.

Jumanne, 6 Mei
Mzee anataka kwenda Ngazija, kisiwa cha kwao kule Komoro. Aliondoka kijana, sasa macho yanafifia, na ndugu aliyebaki kule ni dada yake tu, Bi Shekha. Mke wangu Zainabu kakubali palepale. Mimi nimekataa. Moyo unamsumbua, akizidiwa kule nani atamhudumia? Nikaenda kuileta ile manila, nimwonyeshe umaskini wa kule. Sijui nilifikiri nini. Nilimfundisha mzee wa watu kana kwamba amekaa dawati la mbele.

Jumatano, 7 Mei
Nimeharibu.
Baada ya alasiri aliniuliza hesabu yenyewe inafanywaje. Nikamweleza kwa raha zangu zote. Unachukua kinachozalishwa nchi nzima, unakigawa kwa idadi ya watu. Akauliza, na yeye alipoondoka, hana kazi, hana cherehani, hesabu ilikuwaje? Swali zuri. Nikajibu haraka, kama kawaida yangu: waliobaki walipata zaidi kidogo.
"Basi nikirudi nitawapunguzia," akasema.
Akainuka kwenda kutia udhu. Magharibi ilikuwa bado mbali.

Ijumaa, 9 Mei
Hataki tena kusafiri. Nimeshinda, na najichukia. Namwamkia shikamoo, anaitika marahaba bila kuinua uso. Ananiita Mwalimu. Tangu nimwoe Zainabu alikuwa akiniita mwanangu. Zainabu naye hanisemeshi. Chakula ananiwekea, anaondoka.
Darasani grafu imeeleweka vizuri sana. Nilitamani kuichana.

Jumapili, 11 Mei
Nimempigia Bi Shekha mwenyewe, nikamkabidhi Mzee simu ikiwa kwenye spika. Walizungumza Kingazija, Zainabu akinitafsiria kwa shingo upande. Mzee alimwambia dada yake kwamba haendi, asije akawapunguzia chakula. Bi Shekha alicheka kwanza. Kisha akakasirika. Akasema kila Idd ya kuchinja, nyama inapogawanywa, fungu la Mmadi linatengwa na kupelekwa kwa jirani asiye na kitu, kwa jina lake. Alianza mama yao, na yeye hajaacha. Tangu aondoke hawajawahi kugawa bila yeye.
Mzee alilia. Mimi nilikwenda kusimama uani, nikiangalia kuku. Aibu tupu. Niliporudi nikamwambia, "Baba, nenda. Nilikosa." Moyo wake bado unanitia hofu, na hilo pia nilimwambia.

Jumatatu, 12 Mei
Zainabu ameniuliza kama nataka chai. Nimesema nataka.

Jumamosi, 24 Mei
Ameondoka na basi la asubuhi. Shemeji, kaka yake Zainabu, alikuja kutoka Dar kumchukua, watasafiri wote. Pale stendi Mzee hakuniita Mwalimu, wala hakuniita mwanangu. Alinishika mkono tu, muda mrefu, mpaka kondakta akaanza kunung'unika. Rula yake ameiacha mezani kwangu. Labda amesahau.
Mchana Zainabu alipika wali na samaki wa nazi, kipimo kilekile cha kila siku. Tumebaki wawili. Kwa hesabu yangu, kila mmoja wetu leo amepata zaidi. Nimepakua sahani ya tatu, nikaifunika kawa, nikampelekea jirani yetu Bi Somoe. Akauliza imetoka kwa nani. Nikamwambia ni ya Mzee Mmadi.