Jiwe Iko Mu Mukono Yako

Papa Jan,

Ni miye Kabwe, muntu wako wa kusaga malakite, ile jiwe ya kijani, miaka kumi na tisa ku meza yako ya atelier pale Bel-Air. Hii mambo singeweza kusema mbele ya bantu ba kilio yako, njo maana naiandika.

Kwanza habari. Mvua imeanza, huku kwetu Katuba ni matope tu. Mashine ya kukata iligoma mara mbili, nikaitengeneza. Bantu ba mine, bale banachimba shaba, bangali banakuja kununua bitembo bya jiwe na bisahani bya majivu, banauliza mzee iko wapi. Bibi yangu wa ndoa angali anakulilia, zaidi kuliko alivyomulilia baba yake.

Miye sikulia vizuri. Nilikuwa na wivu, Papa. Ningali nayo.

Kila siku unanihadithia Gdańsk, Gdańsk, muji yako ya Ulaya. Ile barabara yenye baraza za mawe, kwenye bafundi banauzisha ambre, ile kaharabu ya rangi ya asali, mbele ya milango yao. Merikebu za ngano. Ile mashine ya mbao ya kupandisha mizigo, kubwa kupita nyumba ya ghorofa. Nilijua muji yako kuliko Likasi! Na Marek, mwanafunzi wako wa kwanza, uliyemuacha kule wakati wa vita, ukakuja na ambre moja tu aliyochonga. Nikimaliza kuchonga mamba, unaigeuza, unapumua kwa pua, unasema Marek angeona mushipa ya jiwe mbele ya kukata. Marek hakugusaka malakite hata siku moja! Serikali ikakataza majina ya ubatizo, ikatubadilisha majina sisi bote, lakini mu atelier jina moja haikubadilikaka: Marek. Nilimuchukia muntu sijamuonaka.

Kisha ile siku ya hospitali. Ukanishika mukono, ukasema, "Kabwe, ile ambre ya Marek, uniwekee mu mukono. Njo nitalala muzuri."

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

Nani alikuogesha? Nani alikunyoa ndevu? Ni miye. Mbele bafunge sanduku, ambre ilikuwa mu mufuko ya kushoto ya koti yangu ya abakosti. Mu ya kuume, ile yai ya malakite niliyochonga, ile moja tu uliyosemaka "si mbaya." Mukono yangu ikaingia kuume. Sikukosea, Papa. Nilitaka. Nikafunga bidole byako juu ya yai yangu, padri akaanza kuomba.

Sasa ambre iko na miye. Juzi niliisugua na kitambaa ya sufu, vile ulinifundisha. Ikapata moto, ikatoa harufu ya utomvu, ikavuta bipande bya karatasi. Nikaiangalia ku mwangaza, nikitafuta kosa. Hakuna alama hata moja ya msasa. Marek alikuwa fundi. Naandika vile, na inaniuma kama jino.

Sitakuomba musamaha ya uongo. Ulikula bukari yetu ya unga ya muhindi, ukagombana na miye mu Kiswahili, ukalala mu udongo yetu, halafu ushike kazi ya mwingine? Aa, hapana.

Lakini nilikuambia ndiyo. Kwa hiyo nimemwambia bibi yangu: siku yangu ikifika, aniweke ambre mu mukono. Nitakuletea miye mwenyewe, naahidi.

Lala muzuri, Papa. Ile yai usinirudishie. Na kama Marek iko hapo karibu na weye, umuonyeshe.

Kabwe