Nililewa, si Nililelewa

Alhamisi, mtaa wa Musinzira. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyolowesha nguo wala kukauka. Sina huzuni. Sina furaha pia, na ndiyo maana naandika, labda nikiandika nitajua nina nini.

Leo nimepata kazi.

Niseme vizuri: nimepewa kazi kwa kosa la masikio.

Hajji anauza vitambaa hapa Gitega, na anatafuta dereva wa pikapu yake kupeleka mzigo Muyinga. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilipanga namna ya kumweleza kwa nini nilifukuzwa kazi Muyinga, maana mji ule ni mdogo na angesikia tu. Niliamua kuanza na neno lenyewe, bila kuzunguka.

Kisa chenyewe ni hiki. Niliwapeleka shangazi zangu Gasorwe kwenye mahari ya binamu yangu, kwa gari la bosi. Wenyeji wakaleta chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mzee wa nyumba akanipa mrija kwa mkono wake. Kukataa mrija siku ya mahari ni kuwakataa watu. Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa muda mrefu. Lakini mzee alinipa mrija mara moja tu. Mara nyingine zote niliinama kwenye chungu mwenyewe.

Polisi walitusimamisha karibu na kuingia mjini. Shangazi walikuwa nyuma wanaimba. Wakanyamaza wote pamoja. Mimi nikapelekwa kasho, mahabusu ya polisi, wao wakarudi nyumbani kwa miguu na mavazi yao ya sherehe. Hakuna aliyeumia. Nikitaka kulala huwa najiambia hivyo, hakuna aliyeumia.

Basi leo dukani kwake Hajji akaniuliza, mkono mmoja ukikunja kitambaa, "Bon, boss wako wa Muyinga alikuachisha juu ya nini?"

Nikasema, "Nililewa, Hajji."

Akatikisa kichwa taratibu. "Eeh, ulirerewa kule Tanzania. Naona, Kiswahili yako iko ya kule. Watu ingine hawapendagi wenye walirudi. Usijali."

Kwa Kirundi kulelewa ni kurerwa, na sikio lililozoea Kirundi likisikia "nililewa" linaweza kujikamilishia lenyewe. Kweli nililelewa Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, hadi nilipoota ndevu. Wazazi wangu wamerudi Buhinyuza wanalima, na hadi leo sokoni wananijua kwa Kiswahili changu kabla hawajaniuliza jina. Kinanichongea kila siku. Leo kimeniokoa, na sikukiomba.

Nilifungua mdomo. Simu yake ikaita. Akaipokea, akaongea, na mimi nikafunga mdomo. Simu ilipokwisha sikuufungua tena.

Akasema nianze Jumatatu: "Lundi unaanza. Safari ya kwanza utapeleka maman yangu Muyinga, anaenda kuona ndugu."

Huyo mama yake alikuwa pale pale tangu mwanzo, kwenye kiti karibu na mafundi cherehani, anachambua mabaki ya vitambaa. Bibi mdogo wa umbo, kanga kichwani. Sikumjali. Nilipopita kwenda mlangoni akanishika mkono wa shati.

"Mtoto wangu anauza kwa Kirundi, anagombana kwa Kirundi, masikio yake iko ya Kirundi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Yangu iko ya Kiswahili. Mi nimesikia."

Nikasimama. Sikujua niombe radhi au nikimbie.

"Lundi mi nitakaa mbele," akasema, "karibu yako." Kisha akarudia vitambaa vyake.

Hakusema atamwambia mwanawe, wala hakusema hatamwambia.

Nimetembea hadi nyumbani chini ya manyunyu. Nilitegemea aibu inipate njiani, au woga, au hata kicheko, kwa sababu ukiitazama vizuri inachekesha. Hakuna kilichokuja. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Nimepika ndizi, nimekula nusu. Mama amepiga simu kutoka Buhinyuza, nikamwambia nimepata kazi, akamshukuru Mungu kwa sauti ndefu, na mimi nikaitikia amina nikiwa naangalia ukuta.

Naitaka kazi hii. Niandike hivyo pia, nisijifanye mtakatifu. Tangu kasho hakuna aliyenipa ufunguo wa gari, hata wa kuliosha.

Lakini wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Gitega hadi Muyinga ni ndefu, ina kona, na bibi atakuwa pembeni yangu, ameyaweka maisha yake mikononi mwa mtu ambaye yeye anamjua na mwanawe hamjui. Kwa nini akubali kukaa pale? Labda ananingoja niseme mwenyewe.

Jumatatu nitafika dukani kabla bibi hajatoka. Nitamwambia Hajji kabla sijagusa ufunguo, na sitatumia Kiswahili changu cha kambini. Nitasema kwa Kirundi: nari naborewe. Nilikuwa nimelewa. Neno hilo halina pacha.

Nimejaribu kulisema hapa chumbani, kwa sauti, peke yangu. Mikono imetetemeka.

Ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini leo.